Gango na Mguu wa Mtoto wa Farasi: Historia ya Kutibu Mvunjiko bila Kisu

Kitenzi *ganga* katika Kiswahili kina maana mbili, na kamusi zimezihifadhi zote. Ya kwanza ni kufunga pamoja kitu kilichovunjika au kupasuka ili kishikamane, kiwe mlingoti, mpini, au mfupa. Ya pili ni kuponya, nayo ndiyo isikikayo katika methali isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, na yagangwe yajayo. Katika maana ya kwanza limetoka neno *gango*, yaani kifaa cha kushikia pamoja sehemu zilizoachana. Katika ya pili yametoka *mganga* na *uganga*. Kwa mwanadamu aliyevunjika mkono maana hizi mbili hukaribia kuwa moja: mfupa ukifungwa vema, mtu hupona. Kwa wanyama haziendi pamoja sikuzote, na farasi ndiye aliyeionyesha tofauti hiyo kwa uwazi mkubwa. Gango laweza kuuunga mfupa wake na huku likampoteza yeye mwenyewe. Jambo hilo lilitambuliwa kidogo kidogo, na kwa gharama kubwa, hasa katika kuwatibu watoto wa farasi, ambao tangu zamani walikuwa na tumaini la kupona kuliko wazazi wao.

Ili kuelewa shida yenyewe, yafaa kuanza na mtu mmoja. Mwaka 1561 Ambroise Paré, mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa, alipigwa teke na farasi, na mifupa ya mguu wake chini ya goti ikavunjika. Alinyooshwa mguu, akafungwa mabanzi, akalazwa kitandani, naye akapona na kuishi miaka mingi baadaye. Lau kama ingalikuwa farasi yule ndiye aliyevunjika, hapana tabibu wa zama zile ambaye angaliweza kumlaza kitandani. Farasi mzima ana uzito wa kilo 500 hivi, na maumbile yake ni kusimama. Akilazwa kwa muda mrefu, misuli yake huumia kwa kugandamizwa na uzito wake mwenyewe, na ngozi yake huchubuka. Akisimamishwa kwa miguu mitatu, mguu mzima unaochukua kazi ya wenziwe wawili huchoka, damu haipiti vema katika ukwato wake, na tishu zinazoushika ukwato na mfupa ulio ndani yake huachana. Hivyo farasi aliyevunjika mguu mmoja aghalabu hufa kwa sababu ya mguu ambao haukuvunjika. Hii ndiyo asili ya hukumu iliyotolewa na askari, wachukuzi na wakulima wa nchi nyingi kwa karne nyingi, kwamba farasi akivunjika mguu dawa yake ni mauti ya haraka. Haikuwa hukumu ya ukatili mtupu; ilikuwa hukumu ya watu waliokwisha kuona gango likishindwa.

Elimu ya kuunga mifupa ya watu ni ya kale sana. Maandiko ya Kiyunani juu ya mivunjiko, yanayohesabiwa katika mkusanyiko wa Hippocrates, yaliandikwa miaka 400 hivi kabla ya Kristo. Humo mwafunzwa kuvuta kiungo hata mifupa ielekeane, kukizungushia vitambaa, kuvifungua baada ya siku chache na kuvifunga upya kadiri uvimbe unavyopungua, ndipo baadaye yatiwe mabanzi. Shauri hilo la kufungua na kufunga tena ni la kukumbukwa, maana lilisahauliwa mara nyingi baadaye. Wayunani walikuwa na jina maalumu la tabibu wa farasi, *hippiatros*, na maandiko ya matabibu hao, akiwemo Apsyrtus wa karne ya 4, yalikusanywa Bizanti katika kitabu kimoja kikubwa. Upande wa Kilatini, Vegetius naye aliandika juu ya maradhi ya farasi na nyumbu.

Neno *hippiatros* lilipita katika lugha za Mashariki likawa *baytar* kwa Kiarabu, na kutoka Kiarabu likaingia Hispania, ambako matabibu wa farasi waliitwa *albéitar* kwa karne nyingi. Katika karne ya 9 Ibn Akhi Hizam aliandika huko Baghdad juu ya upandaji na tiba ya farasi. Na katika karne ya 14 Abu Bakr ibn Badr, aliyesimamia tiba ya farasi wa Sultani al-Nasir Muhammad huko Kairo, alitunga kitabu kilichokuwa hazina ya elimu hiyo. Baina ya wataalamu hao wawili, huko Ulaya, Jordanus Ruffus, aliyekuwa mtumishi wa Kaisari Frederick wa Pili, aliandika kwa Kilatini mnamo mwaka 1250 kitabu kinachoanzia na malezi ya mtoto wa farasi na kuishia na maradhi yake.

Kiarabu kilikuwa na neno jingine linalostahili kutazamwa na wanafunzi wa lugha. *Jabr* ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, na muunga mifupa huitwa *mujabbir*. Al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya 9, alilitumia neno hilohilo kwa kurudisha kiasi kilichopunguka katika hesabu, nalo ndilo lililokuja kuwa *aljebra*. Huko Hispania maana zote mbili ziliishi pamoja: katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1615, *algebrista* ni mtu anayeunga mifupa. Hivyo lugha zilizo mbali kabisa, Kiswahili kwa *ganga* na Kiarabu kwa *jabr*, zilifanya uungaji wa mfupa kuwa mfano wa mambo mapana zaidi ya mfupa wenyewe.

Kifaa kilichobadili kazi hii zaidi kuliko vyote ni plasta ya jasi. Mwaka 1798 Mwingereza William Eton, aliyepata kuwa balozi mdogo Basra, alichapisha kitabu juu ya dola ya Waturuki, na humo alieleza kwamba katika sehemu za mashariki za dola hiyo mguu uliovunjika hunyooshwa kisha humiminiwa jasi laini hata ukawa kama umo ndani ya jiwe. Madaktari wa Ulaya waliishangaa habari hiyo, lakini jasi la kumimina lilikuwa zito mno, na mgonjwa hakuweza kuinuka. Mwaka 1851 Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alipata njia nyepesi zaidi: alivisugua vitambaa kwa unga mkavu wa jasi, akavilowesha, akavizungusha mguuni, vikakauka kwa dakika chache. Katika vita vya Crimea, vilivyoanza mwaka 1853, Mrusi Nikolai Pirogov alitumia vitambaa vya jasi kwa askari wengi waliovunjika viungo. Matabibu wa wanyama nao waliichukua njia hiyo. Vyuo vyao vilikuwapo tayari: cha kwanza kiliidhinishwa Lyon mwaka 1761 chini ya Claude Bourgelat, na cha London kilifunguliwa mwaka 1791.

Ndipo tofauti baina ya farasi mzima na mtoto wake ilipodhihirika. Farasi mzima aliyetiwa plasta aliivunja, au akaanguka, au akafa kwa maradhi ya kwato. Mtoto wa farasi alionekana kuwa kiumbe mwingine. Azaliwapo huwa na uzito wa kilo 50 hivi, na mtu mmoja mwenye nguvu aweza kumwinua. Hulala chini mara nyingi mchana na usiku, kwa hiyo miguu yake mitatu haichoki upesi kama ya mama yake. Ngozi nyembamba iufunikayo mfupa wake ni nene kwa kadiri ya umri wake, tena ina damu nyingi, na mfupa mpya huota kwa haraka. Mvunjiko ambao kwa farasi mzima ungalihitaji miezi mingi, kwake huweza kushikamana kwa majuma machache. Kwa sababu hizo ilidhaniwa kwamba tatizo limekwisha: atafutwe mtoto mwenye mguu uliovunjika, anyooshwe, atiwe plasta, angojewe.

Mambo hayakuwa hivyo. Plasta ilipoondolewa, mara nyingi mfupa ulikutwa umeungana, lakini mguu wenyewe umeharibika kwa njia ambazo hazikutazamiwa. Kwanza, mtoto wa farasi huongezeka zaidi ya kilo 1 kila siku katika majuma yake ya awali. Plasta iliyomtosha leo humbana baada ya siku chache. Hapo huikata ngozi, na kidonda kikaanza chini ya jasi pasipo mtu kukiona. Pili, kano zinazoshika kifundo na ukwato wa farasi hupata nguvu kwa kubeba mzigo. Zikifungiwa ndani ya plasta zisifanye kazi, hulegea. Na plasta ikiisha kutolewa, kifundo hushuka karibu na ardhi na ncha ya ukwato huinuka juu. Tatu, mguu wa upande wa pili hubeba uzito wa ziada wakati mifupa yake ingali laini, basi hupinda. Mtoto aliyeingia zizini na mguu mmoja mbovu alitoka na miwili. Mfupa uligangwa kwa maana ya kwanza. Farasi hakugangwa kwa maana ya pili.

Somo la kurekebisha kosa hilo lilitoka kwa sehemu katika tiba ya watu. Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834 na kufariki mwaka 1891, alikuwa daktari wa Liverpool, na jamaa zake wa Wales walikuwa waungaji mifupa wasiokuwa na shahada kwa vizazi kadhaa. Aliunganisha ujuzi wa nyumbani kwao na elimu ya chuo, akatengeneza gango la chuma lenye pete kwenye kinena na fito mbili zinazoteremka hata chini ya mguu, ili mguu uvutwe na kutulia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia gango hilo, lililoenezwa na mpwa wake Robert Jones, liliokoa maisha ya askari wengi waliovunjika mapaja. Mwaka 1933 E. F. Schroeder, wa hospitali ya wanyama ya Boston, alieleza jinsi ya kulitumia kwa mbwa na paka. Nalo likajaribiwa pia kwa ndama na watoto wa farasi. Lakini faida kubwa zaidi ya Thomas ilikuwa fundisho lake, wala si chuma chake. Alisisitiza kwamba kinachoponya ni utulivu wa mahali palipoumia, na gango ni njia mojawapo tu ya kuupata utulivu huo.

Eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, iliwawezesha matabibu kuona kile ambacho hapo kwanza walikigusa kwa vidole. Ilionyesha kwamba mifupa ya mtoto wa farasi haivunjiki kama ya mkubwa. Karibu na ncha za mifupa yake mna tabaka la gegedu ambalo kwalo mfupa hurefuka, na hapo ndipo penye udhaifu. Mwaka 1963 Robert Salter na W. Robert Harris wa Toronto walizigawa ajali za tabaka hilo kwa watoto wa watu katika mafungu matano, na matabibu wa farasi wakaufuata mgawanyo huo. Ulisaidia kujua mapema ni mtoto yupi ambaye mguu wake utaendelea kukua sawa, na yupi ambaye upande mmoja wa mfupa wake utasimama ilhali wa pili unasonga mbele.

Miaka hiyohiyo upasuaji ulianza kutawala. Mwaka 1958 wapasuaji wa Uswisi walianzisha chama cha kuchunguza uungaji wa mifupa kwa vibati vya chuma na skrubu, na mwaka 1969 likaundwa tawi la wanyama. Watu wengi walidhani siku za gango zimekwisha. Matukio mawili huko Marekani yalionyesha kwamba chuma nacho kina mipaka yake. Mwezi wa Julai 1975 farasi jike Ruffian alivunjika mguu wa mbele katika mashindano. Alipasuliwa usiku, lakini alipozinduka katika usingizi wa dawa alitupa miguu kwa nguvu kana kwamba angali mbioni, akauharibu tena mguu, ikabidi auawe. Mwezi wa Mei 2006 Barbaro alivunjika mguu wa nyuma; alifungwa kibati na skrubu 27, na mfupa ukaelekea kupona, lakini maradhi ya kwato yalimshika katika miguu mingine, naye akauawa tarehe 29 Januari 2007. Hao walikuwa farasi wa miaka mitatu, si watoto wachanga, na upasuaji umeokoa farasi wengi ambao zamani wangalikufa. Hata hivyo walithibitisha mbele ya macho ya umma kwamba kumwunga farasi mfupa na kumponya ni kazi mbili.

Kushindana na upasuaji kuliifanya tiba isiyo ya kisu ijitambue. Haikuweza tena kudai kila mvunjiko. Ilibidi ieleze ni ipi iliyo yake. Katika orodha hiyo, jambo la kwanza kustaajabisha ni kwamba baadhi ya mivunjiko ya watoto wa farasi haitaki hata gango. Nyuma ya kifundo mna vijifupa viwili vidogo, ambavyo huvunjika mtoto anapomfuata mbio mama aliyefunguliwa malishoni baada ya kufungiwa, akachoka naye hataki kubaki nyuma. Vijifupa hivyo vikifungwa kwa plasta, kano hulegea na hasara huzidi. Mtoto na mamaye wakizuiliwa katika banda dogo kwa mwezi mmoja au miwili, aghalabu huungana vyenyewe. Kadhalika mfupa ulio ndani ya ukwato: pembe zake huvunjika mara kwa mara kwa watoto, na zamani ilionekana vema kuwapiga kiatu cha chuma cha kuubana ukwato. Walakini ukwato wa mtoto ungali unapanuka, na kiatu huuzuia. Mapumziko peke yake hutosha.

Mbavu ni mfano wa tatu. Mtoto wa farasi hupita mahali pembamba azaliwapo, na kifua chake hubanwa. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 juu ya watoto 263 wa farasi wa mbio, 55 kati yao, yaani mmoja katika kila watano, walikutwa na dalili za kuumia kifua. Wengi wa namna hiyo hupona kwa kuachwa watulie bandani na kwa kutoinuliwa kwa kukumbatiwa kifuani. Ni wale tu ambao ncha ya ubavu imeelekea moyoni au pafuni ndio wanaohitaji mpasuaji, na kuwatambua mapema ndiyo kazi ngumu.

Kwa mivunjiko ya sehemu ya chini ya mguu plasta ilibaki, lakini kwa kanuni nyingine. Siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zenye utomvu unaoganda, ambazo ni nyepesi na ngumu kuliko jasi. Hubadilishwa baada ya siku 10 hadi 14 hivi, kabla mtoto hajaikulia. Huondolewa mapema kadiri iwezekanavyo, pengine kwa kupasuliwa pande mbili, nusu moja ikatumika kama banzi juu ya bandeji, ili mguu uzoee mzigo kwa taratibu. Iwapo palipoumia ni juu ya kifundo, huweza kufungwa plasta ya mfano wa bomba, inayoacha kifundo na ukwato wazi, ili kano ziendelee kufanya kazi. Mguu wa pili nao hutazamwa kila siku. Katika kanuni zote hizi, kipimo cha ustadi kimehama: zamani kilikuwa ugumu wa gango, sasa ni wakati wa kulifungua. Shauri la Wayunani la kufungua na kufunga tena limerudi, ingawa kwa sababu ambazo wao hawakuzijua.

Mipaka yake ni lazima isemwe bila kuficha. Gango hufaa tu likishika kiungo kilicho juu ya mvunjiko na kilicho chini yake. Paja la farasi, na mfupa ulio baina ya goti la nyuma na kisigino, haviwezi kushikwa hivyo, kwa kuwa hapana mahali pa kufungia juu. Plasta inayokomea chini ya mvunjiko, au hapohapo penye mvunjiko, huwa mzigo unaoning'inia, na kila hatua huzidi kuuharibu mfupa. Mfupa wa bega hadi kiwiko wakati mwingine huungana kwa mapumziko, maana misuli minene iliyouzunguka huwa gango la maumbile, lakini hatari ya mguu wa pili kupinda hubaki. Mfupa uliotoboa ngozi una hatari kubwa ya kuingiwa na vijidudu. Katika hali kama hizi, kumnyima mtoto upasuaji kwa jina la tiba ya upole si upole. Na pasipokuwa na mpasuaji wala uwezo wa kumlipa, hukumu ya zamani ya mauti ya haraka yaweza kuwa ndiyo yenye huruma zaidi. Uamuzi huo hutolewa katika saa za kwanza, mtoto akiwa chini na mama yake akimzunguka, na historia yote iliyosimuliwa haina kazi nyingine kubwa kuliko kuufanya uamuzi huo kuwa wa ujuzi.

Kwa lugha ya Kiswahili ipo faida ya kuyajua haya. Katika sehemu kubwa ya bara la Afrika ya Mashariki mbung'o hawakumwachia farasi nafasi ya kuenea, lakini ng'ombe, mbuzi na punda huvunjika miguu kila mwaka, na ndama mchanga hupatikana na mengi ya madhara yaliyompata mtoto wa farasi ndani ya plasta. Mwandishi wa vitabu vya mafunzo ya mifugo hana haja ya kuazima kila neno. *Gango*, *banzi*, *kano*, *gegedu* na *jasi* yamo tayari katika lugha na yanatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Linalomlazimu ni kuziweka wazi maana mbili za *ganga*, ili mfugaji asomaye asidhani kwamba akiisha kufunga ameisha kuponya.